Ridhaa Huanzia Kwenye Fasili

Mwaka 1929 mwanabiolojia wa Kiingereza, Julian Huxley, alizunguka Afrika Mashariki kwa niaba ya kamati ya Wizara ya Makoloni iliyoshughulikia elimu. Alitumwa kuchunguza namna biolojia inavyoweza kufundishwa katika shule za Waafrika, na aliyoyaona akayaandika katika kitabu kiitwacho Africa View, kilichotoka mwaka 1931. Mwaka 1957 Huxley huyohuyo alichapisha insha fupi iliyolipa umaarufu neno ambalo tangu hapo limezaa vyama, majarida na makampuni: transhyumanizimu, yaani falsafa ya kuvuka ubinadamu. Alidai kwamba binadamu kwa ujumla wake, si mtu mmojammoja tu, anaweza kujivuka kwa kutumia maarifa aliyonayo. Miaka miwili baadaye akawa rais wa Chama cha Yujeniksi cha Uingereza, chama kilichoamini kwamba jamii inaweza kuingilia suala la nani azae zaidi na nani azae kidogo ili kizazi kijacho kiwe bora. Tumtendee haki: mwaka 1935 alishiriki kuandika kitabu kilichozipinga nadharia za kibaguzi za Wanazi, na wala hakuwa mtu mwovu. Ndiyo maana habari yake inafundisha zaidi. Mtu mwenye elimu na nia njema aliipa dunia neno lililobeba ahadi kubwa, na ahadi hiyo ikasikika kabla hatujaelezwa nani atafanyiwa nini.

Hoja yangu ni moja. Istilahi za teknolojia zinazougusa mwili na akili ya binadamu tuzifasili kwa kitendo chake: kinafanyika nini, kwa nani, kinaweza kutenguliwa au la, na kinaishia kwa nani. Tusizifasili kwa ahadi ya aliyezitengeneza. Na kazi hiyo ifanyike mapema, kwa Kiswahili, kabla mtu hajapewa kalamu aweke sahihi. Nasema hivi kwa kuwa fasili ni sehemu ya ridhaa. Tangu Azimio la Helsinki la mwaka 1964, madaktari duniani wamekubaliana kwamba utafiti juu ya mtu unahitaji akubali kwa hiari yake baada ya kuelezwa akaelewa. Mtu hawezi kukubali kitu asichokielewa. Anaweza kuweka dole gumba kwenye karatasi, lakini hilo ni jambo lingine. Tena kwetu Tanzania suala hili limepata uzito mpya. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria, na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo fasili tutakayoiandika leo kwa uzembe, kesho itasomwa na hakimu mbele ya mtu aliyeumia.

Tuanze na falsafa yenyewe. Ukichambua maandishi ya wafuasi wake, kuanzia Huxley hadi chama cha kimataifa kilichoanzishwa mwaka 1998 na wanafalsafa Nick Bostrom na David Pearce, utakuta madai mawili yaliyofungwa fundo moja. Dai la kwanza ni kwamba binadamu anaweza kutumia sayansi kuondoa mipaka aliyozaliwa nayo, kama vile uzee, ugonjwa, usahaulifu na hata kifo. Dai la pili ni kwamba anapaswa kufanya hivyo. La kwanza linapimwa maabara na hospitali. La pili linahukumiwa na dini, sheria, mila na dhamiri ya mtu. Fasili nzuri ya Kiswahili lazima iyatenganishe: falsafa ya kuvuka ubinadamu ni msimamo kwamba binadamu ana uwezo, na tena ana wajibu au haki, wa kutumia teknolojia kuvuka mipaka ya mwili na akili yake. Ukiyaacha madai hayo yamefungamana, kila ushahidi wa "inawezekana" utahesabiwa kuwa ushahidi wa "inafaa".

Hapohapo tutenganishe pia kilichopo na kinachotarajiwa, kwa sababu msamiati huu unayachanganya hayo mawili bila haya. Mwaka 2005 Mmarekani Ray Kurzweil alitabiri katika kitabu chake kwamba kufikia mwaka 2045 akili ya mashine itaipita ya binadamu kiasi cha kuyabadilisha maisha yote. Huo ni utabiri, na fasili yake ianze na neno utabiri. Kuhamishia akili ya mtu ndani ya kompyuta ni tumaini, maana hakuna aliyewahi kuhamishwa. Kugandisha maiti kwa baridi kali, kama ilivyofanyika kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1967, ni huduma iliyopo na inayolipiwa, ila hakuna maiti hata moja iliyorudishiwa uhai. Kwa hiyo usiandike "uhifadhi wa uhai". Andika: kugandisha maiti kwa matumaini ya kuifufua siku zijazo. Msomaji ataelewa mara moja analipia nini.

Neno ninaloliogopa kuliko yote katika msamiati huu ni kuboresha. Waandishi wengi wanapotaja teknolojia za kumwongezea mtu kumbukumbu, nguvu au umri, huandika kuboresha binadamu. Ukishaandika hivyo umeshahukumu kabla ya kesi kusikilizwa, maana nani atakataa kilicho bora? Tumezoea mbegu bora, ng'ombe bora, makazi bora. Tukifika kwenye binadamu bora tumeshaingia katika nyumba ya yujeniksi kwa mlango wa mbele. Napendekeza tuseme kuongeza uwezo, na tutaje ni uwezo gani. Kuongeza kunaweza kuwa kuzuri au kubaya. Atakayesikia atapima mwenyewe.

Anayedhani huku ni kuchezea maneno atazame yaliyotokea Kanda ya Ziwa karibuni tu. Kuanzia katikati ya muongo wa 2000 watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo Mwanza, Shinyanga, Geita na mikoa ya jirani, kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Sababu zilikuwa nyingi: tamaa, ushirikina, umaskini. Lakini chini yake kulikuwa na fasili. Zeruzeru alielezwa kuwa kiumbe asiyekufa, bali hupotea. Kiumbe wa namna hiyo, machoni pa muuaji, hakuwa na damu ya kulipiwa. Wanaharakati, walimu, vyombo vya habari na viongozi wa dini walipigana kwa njia nyingi, na mojawapo ilikuwa fasili mpya: mtu mwenye ualbino ni mtu aliyerithi kutoka kwa wazazi wake wote wawili hali ya kukosa au kupungukiwa rangi asilia ya ngozi, nywele na macho. Sentensi hiyo ya biolojia ilianza na neno mtu. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo washtakiwa watatu kwa mauaji ya aina hiyo. Sisemi fasili peke yake ilisimamisha panga. Nasema kwamba katika kanda hiihii tumeona namna maelezo ya mwili wa mtu yanavyoweza kumweka ndani au nje ya ulinzi wa wenzake, na hatuna kisingizio cha kulichukulia suala hili kijuujuu.

Sasa tuingie katika teknolojia inayokaribia zaidi milango yetu, uhariri wa jeni. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ugonjwa unaohusika ni wa nyumbani. Selimundu husababishwa na kosa dogo katika maelekezo ya kutengeneza hemoglobini. Chembe nyekundu za damu, badala ya kuwa za mviringo na laini, hupinda kama mundu, hukwama katika mishipa midogo na kuleta maumivu makali, upungufu wa damu na wakati mwingine kiharusi kwa mtoto. Utafiti uliofanyika Kanda ya Ziwa kwa kutumia sampuli za damu za watoto wachanga, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba karibu mtoto mmoja kati ya watano alibeba jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, na zaidi ya mtoto mmoja kati ya mia alikuwa na ugonjwa wenyewe. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando imekuwa kituo cha utafiti wa dawa ya haidroksiyurea kwa watoto hao, wakipimwa kwa mawimbi ya sauti kasi ya damu inayokwenda kwenye ubongo ili kuwakinga na kiharusi. Dawa hiyo huufanya mwili uzalishe tena hemoglobini ya utotoni, ile ambayo mtoto huwa nayo tumboni mwa mama na ambayo haipindishi chembe.

Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba inayoitwa Casgevy, na Desemba Marekani ikafuata. Katika tiba hii seli shina za mgonjwa huchukuliwa kutoka mwilini mwake na kupelekwa maabara. Huko jeni moja inayozima hemoglobini ya utotoni hukatwa kwa zana ya kemikali. Kisha mgonjwa hupewa dawa kali za kuua seli zilizobaki katika uloto wake, na mwisho hurudishiwa seli zake zilizohaririwa. Bei iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Angalieni jambo hili kwa makini: kidonge cha Bugando na tiba ya mamilioni vinalenga kitu kilekile, kuirudisha hemoglobini ya utotoni. Tofauti ni kwamba kidonge kikimletea mtoto madhara, mama anaambiwa aache kumpa. Uhariri hauachwi. Umeshafanyika. Sasa mwandishi akitangaza redioni kwamba "selimundu imepata tiba ya kisasa", mzazi wa hapa Kiseke, Mwanza, atajuaje tofauti hiyo? Fasili ninayoitaka ingemwambia: uhariri wa jeni ni kukata na kubadilisha maelekezo ya urithi ndani ya seli hai, mabadiliko ambayo hayarudishwi nyuma.

Nayo bado haitoshi, kwa sababu kuna uhariri wa aina mbili, na jina moja limezifunika zote. Casgevy hubadilisha seli za damu za mgonjwa. Watoto atakaowazaa hawatarithi badiliko hilo. Lakini Novemba 2018 mwanasayansi wa Kichina, He Jiankui, alitangaza kwamba amehariri jeni za viinitete, na pacha wa kike wamezaliwa kutokana navyo. Watoto hao hawakuwa na ugonjwa wa kutibiwa. Lengo lilikuwa kuwapa kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI. Badiliko la namna hiyo linaweza kurithiwa na wana wao, na wana wa wana wao. Mahakama ya China ilimfunga miaka mitatu. Kwa hiyo tuwe na istilahi mbili zisizochanganyika: uhariri wa jeni unaoishia kwa mgonjwa, na uhariri wa jeni unaorithiwa. Ni majina marefu, nakiri, na watu watayafupisha watakavyo. Ila istilahi yoyote itakayoshika, ibebe tofauti hiyo, kwani katika aina ya pili wanaoguswa zaidi ni watu ambao hawajazaliwa na hawawezi kuulizwa.

Sisi wa kandokando ya ziwa hatuhitaji kwenda China kuelewa maana ya kitu kinachojizalisha chenyewe. Miaka ya 1950 sangara aliingizwa Ziwa Victoria kutoka kwingine, kwa hoja kwamba angegeuza furu wadogo wenye miba kuwa samaki mkubwa mwenye faida. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walioanza kazi katika Ghuba ya Mwanza mwaka 1977, walishuhudia furu wakitoweka nyavuni mwao katika miaka ya 1980. Inakadiriwa kuwa aina zipatazo 200 za furu zilipotea au zilikaribia kupotea katika ziwa zima, na wataalamu wengi wanahesabu pia uchafuzi wa maji miongoni mwa sababu. Sangara huyohuyo amejenga viwanda vya minofu Mwanza, amesomesha watoto na kuleta fedha za kigeni. Kwa hiyo simleti hapa kama shetani. Namleta kama ushahidi wa jambo moja: wavuvi na wenyeji wa fukwe zote tatu, Uganda, Kenya na Tanganyika, hawakuulizwa, na walipotaka kusema hapakuwa tena na namna ya kumtoa. Faida na hasara zote tumezipokea kwa pamoja, bila kuchagua.

Kuhusu vifaa vinavyowekwa mwilini, tatizo ni la namna nyingine. Neno kipandikizi limeshashikwa. Ukilitamka katika kliniki yoyote ya mama na mtoto hapa Ilemela, wanawake wataelewa kijiti cha uzazi wa mpango kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, na watakuwa sahihi. Kamati itakayoamua kwamba kifaa cha kusoma mawimbi ya ubongo nacho kiitwe kipandikizi tu, bila sifa ya kukitofautisha, itakuwa imepanda mkanganyiko katika eneo lenye uvumi tayari. Mwaka 2021, chanjo ya UVIKO-19 ilipoletwa, uvumi wa chipu ndani ya sindano ulienea nchi nzima, na waliouamini hawakuwa wajinga wote. Wengi walikuwa watu waliosikia maneno mapya bila kupewa maelezo. Wananchi wenyewe wamekuwa na busara katika kutaja vitu hivi. Kile kifaa kinachorekebisha mapigo ya moyo wamekiita betri ya moyo, na ndani ya jina hilo kuna taarifa muhimu kuliko katika jina la kitaalamu: kwamba kuna siku betri itakwisha na utatakiwa kurudi hospitali.

Ndiyo maana katika fasili ya kifaa chochote cha mwilini nataka swali jingine liingie: nani anakishikilia baada ya kuwekwa? Kampuni ya Second Sight ya Marekani iliwawekea wagonjwa zaidi ya 350 duniani kifaa kiitwacho Argus II ndani ya jicho, ambacho kiliwarudishia baadhi ya vipofu uwezo wa kuona mwanga na vivuli vya vitu. Kufikia mwaka 2020 kampuni ilikuwa hoi kifedha na imeacha kukihudumia kifaa hicho. Watu wakabaki na chuma machoni ambacho hakuna fundi wa kukitengeneza. Muhimbili ilianza kuwawekea watoto viziwi vifaa vya usikivu mwaka 2017, na hiyo ni hatua ya kujivunia; lakini kifaa hicho kina sehemu ya nje inayohitaji betri, vipuri na marekebisho kwa miaka yote ya maisha ya mtoto. Mzazi anayetoka Kiseke anapoelezwa maana ya kifaa hicho, vipuri na mahali vinapopatikana ni sehemu ya maana yenyewe. Bila hilo ameelezwa nusu.

Najua pingamizi linalosubiri. Mtu atasema: Kiseke ina shida zake, maji, barabara, ajira kwa vijana, haya mambo ya kuvuka ubinadamu ni ya California. Ningelikubali pingamizi hili kama teknolojia zingekuwa zinasubiri mwaliko. Mwaka 2018 ndege isiyo na rubani ilibeba dawa kutoka Mwanza hadi Ukerewe, kilomita zipatazo 60, kwa dakika 40 hivi, wakati miji mingi ya Ulaya ilikuwa haijawahi kuona jambo hilo. Kuanzia Mei 2019 kila Mtanzania mwenye simu alitakiwa kusajili laini upya kwa alama za vidole, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Mwili ulikuwa umegeuzwa funguo ya mawasiliano, na watu wengi hawakuwahi kulisikia neno bayometriki wala kuelezwa kwamba maana yake ni kipimo cha mwili kinachotumika kumtambua mtu. Kidole kilichosagwa na kamba za nyavu, saruji au mpini wa jembe huwa kigumu kusomwa na mashine, na nywila ya mtu ikiibwa hubadilishwa, ila kidole hakibadilishwi. Hayo mawili yangekuwa ndani ya fasili, mvuvi wa Igombe angejua la kuuliza.

Jirani zetu walilipia somo hilo kwa gharama kubwa zaidi. Julai 2023 mradi wa Worldcoin, ambao Sam Altman ni mmoja wa waanzilishi wake, uliwaita watu wa Nairobi waitazame mashine ya mviringo iliyopiga picha mboni za macho yao, na kwa malipo wakapewa sarafu ya kidijitali yenye thamani ya shilingi 7,000 hivi za Kenya. Foleni ilijaa katika jumba la mikutano la KICC. Walichoambiwa kwa lugha ya mradi kilikuwa "uthibitisho wa utu". Tafakarini maneno hayo. Mtu aliyepanga foleni akiwa na njaa anaambiwa mashine itathibitisha utu wake! Fasili kwa kitendo ingesema: kampuni ya nje inachukua picha ya mboni yako, inaigeuza kuwa namba isiyofanana na ya mwingine na kuitunza, nawe unapewa sarafu ambayo bei yake hupanda na kushuka. Serikali ya Kenya iliusimamisha mradi tarehe 2 Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ikaamuru taarifa hizo zifutwe, kwa kuwa zilikusanywa bila kufuata sheria ya ulinzi wa data, na ridhaa iliyonunuliwa kwa sarafu haikuwa ridhaa. Miaka karibu miwili ilipita kati ya foleni na hukumu. Fasili ingechukua dakika moja. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ni ngao nzuri, ila ngao humfaa anayejua anarushiwa nini.

Pingamizi la pili hutoka kwa wasomi: sayansi ni ya dunia nzima, tuyaache maneno ya Kiingereza yalivyo, maana juhudi za kuunda istilahi zimeshindwa, tarakilishi ilipendekezwa, na watu wa Tanzania wanasema kompyuta. Ni kweli, na sina ugomvi na kompyuta, wala na jeni, kromosomu au droni. Hivi sasa akili bandia, akili unde na akili mnemba zinashindana sokoni, na yeyote atakayeshinda nitampigia makofi. Jina huchaguliwa na watumiaji. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) tangu 1967 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanalijua hilo kuliko mimi. Kinachohitaji kukubaliwa na wote ni maelezo yaliyo chini ya jina. Nasema akili bandia, kwa jina lolote, ni mfumo wa kompyuta unaotafuta mpangilio katika wingi wa mifano ya zamani na kuutumia kutoa jibu au uamuzi. Ukikubali hivyo, swali la "mifano ya nani?" linajileta lenyewe. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza programu za namna hii zitumike kusoma eksirei za kifua kutafuta dalili za kifua kikuu. Mgonjwa au muuguzi anayejua kwamba programu ilijifunza kutokana na picha ana haki ya kuuliza kama mapafu ya wachimba migodi wa Geita yalikuwamo.

Pingamizi gumu kuliko yote ni la tatu, nalo linahusu mpaka kati ya kutibu na kuongeza uwezo. Mwanafalsafa atatuambia kwamba mpaka huo haupo: chanjo ya surua inampa mtoto kinga ambayo hakuzaliwa nayo, miwani inampa mzee macho, hata kusoma na kuandika ni kuvuka mipaka ya kumbukumbu. Kama hayo tumeyakubali, kwa nini tusite kwa mengine? Nakiri kwamba mpaka una ukungu. Lakini ukungu hauondoi tofauti ya pwani na kilindi. Chanjo huamsha kinga ambayo mwili wenyewe unaijua kuitengeneza, imepimwa kwa mamilioni ya watoto, haiingii katika urithi, na haiachi kampuni ikiwa na amri juu ya mwili wa mtoto. Alichofanya He Jiankui kilikuwa na lengo linalofanana na la chanjo, yaani kinga, lakini kinashindwa karibu kila mtihani kati ya hiyo. Kwa hiyo siweki fasili juu ya mpaka wa kutibu na kuongeza peke yake. Nauacha uwe swali moja kati ya maswali kadhaa, na palipo na ukungu fasili iseme wazi kwamba pana ukungu. Wala msinielewe kwamba nawafungia wagonjwa mlango. Mzazi anayelala wodini na mtoto mwenye selimundu ana haki ya kutumaini uloto unaopandikizwa sasa Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma, na kutumaini uhariri wa jeni siku bei itakaposhuka. Nataka tumaini hilo liwe na maelezo kamili, ili akisema ndiyo iwe ndiyo yake.

Naomba basi mambo mawili yafanyike, na yote yapo ndani ya uwezo wetu. Kwanza, BAKITA, Bugando, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa na vyuo vyetu vya Mwanza wakae pamoja waandike fasili za teknolojia hizi, na katika kikao hicho waketi pia wazazi wa watoto wenye selimundu, watu wenye ualbino, viziwi na wavuvi, wasome kila sentensi na kuikataa wasiyoielewa. Sentensi iliyokataliwa na mama wa Kiseke irudishwe kwa mtaalamu aiandike upya. Pili, fasili hizo zichapishwe juu kabisa ya kila fomu ya ridhaa, kabla ya jina la mradi na kabla ya faida zake. Nanyi mtakapoletewa fomu ya aina hiyo, iwe hospitalini, dukani kwa wakala wa simu au kwenye foleni ya zawadi, msiweke sahihi hadi mtakapoelezwa kwa Kiswahili kitakachofanyika mwilini, kama kinaweza kutenguliwa, kama watoto wenu watakirithi, na nani atabaki na funguo.